Mafuta ya ngozi ya mifugo kutoka Sikonge: miezi tisa, makopo matatu

Kopo la tatu limebaki robo. Kabla halijaisha nimeona niandike, kwa sababu karibu kila wiki mtu ananisimamisha njiani, anatazama shingo ya punda wangu, ananiuliza nimempaka nini. Nikijibu "mafuta ya nta ya Sikonge" anataka nimwelekeze duka. Duka halipo. Ni familia ya wakulima, wanatengeneza nyumbani kwao, na habari yao ni ndefu mno kuisimulia nikiwa nimeshika kamba ya punda katikati ya barabara.

Mimi naishi Ipuli, hapa Tabora mjini. Nina punda wawili alioniachia marehemu mume wangu pamoja na mkokoteni wa matairi mawili. Jike anaitwa Subira, dume anaitwa Radi. Nina mbuzi wanne, wawili wanakamuliwa, na mbwa mmoja wa kulinda boma. Hawa ndio wanaosomesha watoto wangu, kwa hiyo nikisema mnyama ameumia sisemi jambo dogo. Zamani kazi yetu ilikuwa madumu ya maji. Tangu maji ya Ziwa Victoria yafike mjini kwa bomba, kazi ya madumu imepungua, sasa tunabeba tofali za kuchoma, mchanga, na msimu wa mavuno magunia ya mahindi na mpunga.

Mwezi wa pili mwaka huu, mvua zikiwa zimekolea, Subira akaanza kurudi nyuma kila akiona nira. Punda mpole yule, hajawahi kunirushia teke hata siku moja. Nikampapasa kuanzia masikioni mpaka pale shingo inapokutana na mgongo, mkono ukarudi umelowa. Nikafunua manyoya. Palikuwa na kidonda upana wa kiganja changu bila vidole. Kingo zake zimevimba na kukakamaa kama ngozi ya kiatu kilicholowa kikaanikwa juani, katikati pekundu, panatoa maji ya manjano yaliyogandisha manyoya ya pembeni. Inzi walikuwa wameshazunguka ukingo wote. Nilikaa chini pale pale bandani. Mnyama alikuwa ananivutia tofali na kidonda kile, siku ngapi sijui, na mimi nilikuwa namhimiza aongeze mwendo.

Ushauri wa kwanza nilioupata ni ule wa kila mtu: nenda gereji kaombe oili chafu. Wanakupa bure kwenye chupa ya maji ya kunywa, unapaka, inzi wanakimbia. Jamani, naomba sana, tuache. Ile oili imetoka ndani ya injini, imebeba masizi na uchafu wa vyuma, madini ya risasi yakiwemo. Unaipaka kwenye nyama iliyo wazi. Inaingia mwilini, na kinachobaki juu mnyama anakilamba. Inzi kukimbia si dalili kwamba kidonda kinapona. Nilishaona mbwa wa jirani aliyepakwa mwili mzima, siku ya tatu akawa anatetemeka na chakula hataki.

Nikaenda duka moja la dawa za mifugo mjini, nikanunua dawa ya kupulizia. Nilipofika nyumbani nikasoma kopo vizuri nikaona muda wake wa matumizi umepita miezi mitano. Nikairudisha, nikaambiwa, "Mama, hiyo tarehe ni ya kiwandani tu, dawa bado nzima." Pesa sikurudishiwa. Duka silitaji, lakini tangu siku ile nasoma tarehe kabla sijafungua pochi.

Aliyenielekeza kwa familia hii ni mama anayeuza asali ya jumla, huwa nambebea ndoo zake kutoka stendi. Akasema wanaomletea nta wanatengeneza pia mafuta ya mifugo, na ng'ombe wa kwao huwaoni na vidonda. Nikampumzisha Subira, nikamwachia kijana wangu kazi ndogondogo za Radi peke yake, nikapanda basi la Sikonge. Ni kilomita 70 hivi kusini mwa mji. Pale nikachukua bodaboda kuelekea upande wa Ipole, njia ya mchanga inayopita katikati ya miyombo, mpaka nyumbani kwao.

Wanalima mahindi, karanga na alizeti. Waliwahi kulima tumbaku miaka mingi, wakaacha. Bani la kukaushia bado limesimama na ndimo wanamoweka mizinga mipya, ndoo za asali na nta. Anayeshika kazi ya mafuta ni bibi wa nyumba, mama mtu mzima mwenye vidole vilivyokuwa vya manjano siku ile kwa sababu ya mawese. Mwanawe wa kiume anarina asali. Mkwewe anapima na kujaza makopo.

"Mwangaluka," nikamwamkia.

"Mwangaluka, mwanangu. Karibu ukae."

Nikakaa, nikaeleza kidonda. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Nira umekuja nayo?"

Nikamwambia nimekuja na pesa ya mafuta.

"Basi leo sikuuzii kopo."

Sitaki kuficha, nilikasirika. Nilikuwa nimetoa nauli, nimeacha kazi ya siku nzima, na mnyama wangu anaoza shingo. Lakini yule bibi hakuwa mtu wa kiburi. Alichukua kijiti akaniambia nichore mchangani nira yangu ilivyo. Nikachora ule mti mmoja mrefu unaolala juu ya shingo za punda wote wawili. Akamwita mjukuu amlete ng'ombe, akauweka mkono wangu kwenye nundu. Akasema ng'ombe amepewa nundu, mti wa nira unagota pale na nyama nene inabeba. Kisha akasema nimkumbuke punda wangu. Nundu hana. Pale juu ni ngozi, chini yake mfupa. Ukimwekea nira ya ng'ombe, kila akivuta hatua moja mti unasaga mfupa.

"Punda anavuta kwa kifua," akasema. "Nikikuuzia mafuta leo, kesho utampaka, keshokutwa utamfunga mti ule ule. Utarudi kuniambia mafuta yangu hayafai."

Miaka kumi na moja nafuga punda. Mume wangu alikuwa anatumia nira hiyo hiyo, na baba yake hivyo hivyo. Hakuna mtu aliyewahi kutuambia.

Mwanawe akanionyesha namna ya kushona mkanda wa kifuani: gunia la katani linakunjwa mara nne mpaka liwe pana kama viganja viwili, ndani unashonea kipande cha blanketi kuukuu, upande laini ndio unaogusa ngozi. Mkanda unapita mbele ya kifua chini ya koo, usibane pumzi, na kamba za kuvutia zinatoka ubavuni. Mwingine mwembamba unapita juu ya mgongo ili kuushikilia tu, haubebi mzigo. Mpira wa tairi wala kamba ya nailoni usiguse ngozi, maana vinakata. Bibi akanipa mafuta ya kuanzia, kiasi cha vijiko viwili, kwenye jani la mgomba, hakutaka hata senti. Kopo nitalipata nikirudi na mkanda.

Wiki iliyofuata nikarudi nao kwenye mfuko. Akaugeuza, akapitisha kidole kwenye kila mshono akitafuta fundo litakaloumiza. Akapata moja, akalifumua mwenyewe. Ndipo akaniuzia.

Sasa mafuta yenyewe. Nilikwenda tena mwezi wa saba, baada ya kurina, nikakuta wanapika, kwa hiyo ninachoeleza nimekiona kwa macho. Masega yaliyokwisha kukamuliwa asali yanachemshwa na maji kwenye sufuria kubwa, yanachujwa kwa kitambaa, yanaachwa yapoe usiku kucha. Asubuhi nta imeelea juu imeganda kama mkate wa duara. Wanaugeuza, wanaparura uchafu mweusi wa chini kwa kisu, wanayeyusha tena na kuchuja tena. Nta ikitoka mara ya pili ina rangi ya maboga yaliyoiva na ukiivunja inanukia moshi kidogo na maua.

Mafuta ni ya aina mbili. Ya kwanza ni mawese, yanakuja na treni kutoka Kigoma. Bibi anachagua yale mekundu yasiyochachuka; anaonja kwa ncha ya ulimi kabla ya kununua. Wekundu ule ni chimbuko la vitamini A, ndiyo maana mawese yanasifiwa hata kwa chakula, na kwenye ngozi yanalainisha bila kuwasha. Ya pili ni mafuta ya mbegu za mwarobaini. Wanaokota mbegu chini ya miti yao, wanaziosha nyama ya nje, wanazikausha kivulini, wanazitwanga kinuni, kisha mkwe anakanda ule unga kwa maji ya uvuguvugu kidogokidogo kama anakanda ugali mgumu, mpaka mafuta yanaanza kuchuruzika kati ya vidole. Kazi ile inachosha mikono. Nilijaribu dakika kumi nikaachia. Mafuta yakitoka yana rangi ya hudhurungi na harufu kali ya kitunguu saumu kilichooza. Ndiyo yanayofukuza inzi.

Kipimo chao ni kikombe kimoja cha nta kwa vikombe vinne vya mafuta, na katika hivyo vinne mwarobaini ni robo kikombe tu. Hawabandiki sufuria motoni moja kwa moja. Wanaweka bakuli ndani ya sufuria ya maji ya moto, nta inayeyuka taratibu, mawese yanafuata, bakuli linatolewa, na mwarobaini unaingia mwisho kabisa mchanganyiko ukiwa umeanza kupoa, kwa sababu moto mkali unaua nguvu yake. Mkwe anakoroga kwa mwiko mpaka mchanganyiko unapauka na kuwa mzito kama uji wa ulezi. Ukiacha kukoroga mapema, nta inaganda vidonge na unapata mafuta yenye punje kama mchanga.

Asali hawachanganyi humo. Niliuliza, maana watu wengi hapa Tabora tunajua asali inatibu kidonda. Bibi akasema asali na mafuta havikai pamoja, baada ya siku chache asali inazama chini ya kopo. Anaiuza pembeni kwenye kichupa, asali mbichi isiyopashwa moto, na matumizi yake ni tofauti: asali inawekwa katikati ya kidonda kilicho wazi, mafuta yanapakwa kingoni na kwenye ngozi inayozunguka. Asali inavuta maji kutoka kwenye kidonda na vijidudu haviwezi kustawi humo. Lakini iwe usiku, punda akiwa ndani ya banda, kwa sababu mchana inaita nyuki na sisimizi.

Hivi ndivyo nilivyofanya na Subira. Asubuhi naosha kwa maji yaliyochemka yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita, namwagia polepole kwa kikombe bila kusugua. Nakausha kwa kitambaa safi. Napaka mafuta kingoni, nikianzia kwenye ngozi nzima nikielekea ndani, ili nisiburute uchafu. Jioni naosha tena, naweka asali katikati. Siku nne za kwanza sikuona chochote zaidi ya inzi kupungua, na hilo peke yake lilimfanya Subira aache kutikisa kichwa usiku. Siku ya sita zile kingo ngumu zikaanza kulainika. Nikibonyeza kwa kidole zinabonyea. Mwisho wa wiki ya tatu gamba kubwa likabanduka lenyewe, chini yake ngozi ya waridi, nyembamba kama ya mtoto mchanga. Kufunga kabisa kulichukua wiki saba.

Wiki saba zote hizo hakuvuta mzigo. Kwa hiyo siwezi kukuambia mafuta yalifanya kazi hiyo peke yake, na hata bibi hakusema hivyo. Kupumzika na mkanda wa kifuani vilifanya nusu. Lakini mwaka juzi nilimpumzisha Radi kwa kidonda cha namna hiyo bila mafuta haya, na kingo zake zilikakamaa zikapasuka tena mara mbili kabla ya kufunga. Tofauti nimeiona.

Kwa mbuzi, hapa ndipo nayapenda zaidi. Kiangazi kikianza, upepo wa mwezi wa sita unapasua chuchu za mbuzi wangu wanaokamuliwa, wanapiga teke wakiguswa, maziwa yanapungua. Nilipaka mara mbili kwa siku, siku ya tano nyufa zikawa zimeziba. Kosa nililofanya ni kupaka kabla ya kukamua. Maziwa yakabeba harufu ya mwarobaini na watoto wakakataa chai. Paka baada ya kukamua, na kabla ya kukamua tena osha kwa maji ya uvuguvugu na kausha. Familia sasa wana kopo la aina nyingine kwa ajili ya chuchu, lisilo na mwarobaini, kifuniko cheupe. Ukinunua ya kukamulia sema wazi unataka la kifuniko cheupe.

Kwa mbwa, hayakufaa, na nilikuwa nimeambiwa. Mbwa wangu alipukutika manyoya masikioni na viwikoni, ngozi ikawa nene yenye magamba, anajikuna usiku kucha. Bibi alikuwa ameniambia mapema: "Mnyama anayejikuna mpaka halali, usilete pesa yako kwangu, mpeleke kwa bwana mifugo." Sikumsikia. Nilimpaka wiki tatu nzima, kopo la pili karibu lote liliishia kwake, upele ukasambaa mpaka tumboni na mimi nikaanza kuwashwa mikononi. Daktari wa mifugo akanieleza kwamba vijidudu vya upele ule vinachimba njia ndani ya ngozi, mafuta ya kupaka juu hayavifikii vizuri, na vinaweza kumhamia mtu anayemshika mnyama. Akamchoma sindano ya aivamektini, akarudia baada ya wiki mbili. Mbwa akapona. Mafuta yalinifaa mwishoni tu, kulainisha ile ngozi iliyobaki kavu. Wiki tatu za mateso ya mbwa wangu zilikuwa kosa langu, na nayaandika hapa ili mwingine asiyarudie.

Jirani yangu alitaka nimwagizie kwa ajili ya ndama mwenye ugonjwa wa mapele ngozi, yale manundu yanayotokea mwili mzima pamoja na homa. Nilipiga simu, wakakataa kumuuzia. Walisema ule ni ugonjwa wa virusi, kinga yake ni chanjo, na ndama yule alihitaji kutengwa na wenzake na kuonwa na mtaalamu siku hiyo hiyo. Muuzaji anayekataa pesa kwa sababu bidhaa yake haitasaidia, mimi sijakutana naye madukani.

Na kidonda cha kuchomwa na msumari au mwiba mrefu, usikizibe kwa mafuta haya wala mafuta yoyote. Mdomo wake ni mdogo lakini ndani ni kirefu, ukiufunga unafungia usaha na pepopunda, na punda ni mwepisi sana kushikwa na pepopunda. Hilo bibi alilirudia mara tatu mpaka nikamwambia nimeelewa, mama. Paka hawapakwi kabisa, kwa sababu wanajilamba mwili mzima na mwarobaini tumboni si mzuri kwao.

Kuna mambo ambayo nimewaambia wenyewe uso kwa uso, nayasema na hapa. Kopo halina tarehe ya kutengenezwa. Lebo ni karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino, ikigusa mafuta inafutika, na kwenye kopo langu la pili nilishindwa kuisoma. Mimi niliyechomwa na dawa iliyopitwa na wakati siwezi kulinyamazia hilo. Nta na mawese haviozi haraka, lakini mawese yanachachuka, na mnunuzi ana haki ya kujua kopo ni la mwezi gani. Nimewashauri waende SIDO, lile shirika la kuhudumia viwanda vidogo, hapa mjini wakaulize habari za vifungashio na lebo. Mkwe aliniambia watakwenda wakishapanda mahindi.

Joto nalo ni tatizo. Mwezi wa kumi Tabora inawaka, nami nililiacha kopo dirishani. Jioni nililikuta limekuwa mchuzi, kifuniko kimevujisha, rafu nzima nyekundu, na doa la mawese kwenye kitambaa changu cha meza halijatoka mpaka leo. Yalipoganda tena hayakuwa laini kama mwanzo, yalikuwa na chengachenga. Niliwaeleza, na kopo la tatu walilipika kwa vikombe vitatu vya mafuta badala ya vinne kwa kikombe kile kile cha nta. Hilo linahimili joto, ila asubuhi za baridi ni gumu, inabidi ulisugue kwanza kati ya viganja. Mimi nalihifadhi ndani ya mtungi mtupu kwenye kona ya jiko isiyopigwa jua na halijavuja tena. Nguo ya kupakia iwe ile usiyoionea huruma.

Bei ni Sh 6,000 kwa kopo la robo kilo, la kifuniko cheupe Sh 5,000, kichupa cha asali Sh 2,000. Ukirudisha kopo tupu lililooshwa wanakupunguzia Sh 500. Kopo moja kwa punda mmoja mwenye kidonda kama cha Subira linakaa wiki sita mpaka nane. Si bei ya chini kwa mwendesha mkokoteni, najua, siku nyingine hiyo ndiyo faida yote ya tofali za asubuhi. Lakini kwa hayo mafuta unapata pia mtu wa kukukagulia mkanda, na simu inapokelewa hata usiku.

Namna ya kuyapata: wanaleta mjini pamoja na nta kwa yule mama wa asali wa jumla, mara moja au mbili kwa mwezi, na mzigo mwingine unakuja kwa konda wa basi la Sikonge. Wa mara ya kwanza mwenye punda, nakushauri uende mwenyewe, na uende na vifaa vyako vya kufungia, kwa sababu bibi atakuuliza.

Wiki iliyopita nilimwona Radi ana mchubuko mdogo kifuani, mkanda ulikuwa umeshuka na kukunjika. Nimeushona upya, nikampaka siku tatu, umeshakauka. Subira anavuta tena tangu mwezi wa tano, nusu ya mzigo wa zamani, kwa mkanda wa kifuani. Pale palipokuwa na kidonda manyoya yameota, ila yameota meupe, kiraka kimoja cheupe juu ya mgongo wa kijivu. Watoto wanapenda kukigusa, naye anasimama ametulia wakikigusa.